New York Jets: jina kubwa halikuokoa musimu

Shampiona ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ilimaliza michezo yake ya kawaida tarehe 5 januari 2025. Siku ile Aaron Rodgers wa New York Jets alifikisha pasi yake ya 500 ya kufunga, na ekipe yake ikapiga Miami Dolphins 32-20. Lakini furaha ilikuwa ya mutu mumoja. Jets wamemaliza musimu na ushindi 5, wakipoteza mara 12.

Kwa wale wasiozoea mchezo huu: ni watu 11 kila upande, na mupira unabebwa mukononi ao kutupwa. Ekipe inapewa majaribio ine ya kusonga mbele metre 9 hivi. Mwenye kutupa, kama vile Rodgers, analindwa na watu watano wakubwa mbele yake. Wale wakipitiwa, ataangushwa hata kama mukono wake ni wa dhahabu.

Jets walimuleta mwaka 2023 kutoka Green Bay Packers, akiwa na miaka 39. Tarehe 11 septemba, katika mechi ya kwanza, aliumia mushipa wa kisigino mbele ya kucheza hata dakika tano. Musimu wake ukaishia pale. Ndiyo maana wapenzi wa ekipe walingoja 2024 kama mutu anayengoja kulipwa deni.

Deni halikulipwa. Kiisha mechi tano, ushindi 2 na kupoteza 3, kocha Robert Saleh alifukuzwa. Wiki iliyofuata akaletwa Davante Adams, aliyecheza na Rodgers kule Green Bay. Mwezi wa novemba, Joe Douglas, mwenye kazi ya kuchagua wachezaji, naye akaondoshwa. Na matokeo? Chini ya kocha wa muda, Jeff Ulbrich, Jets walishinda mechi 3, wakapoteza 9. Kufukuza mukubwa hakukuponya ugonjwa.

Siyo pesa iliyokosa. Katika NFL kila ekipe ina kikomo kimoja cha mishahara, dola milioni 255,4 kwa 2024. Hakuna kushuka daraja, na ekipe iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia kuchagua vijana wapya. Sheria zenyewe zinasaidia mwenye kuanguka ainuke. Hata hivyo Jets hawajafika michezo ya kutafuta bingwa tangu musimu wa 2010. Ekipe zingine zote 31 zimefika.

Shida inaonekana katika namna ya kujenga: miaka miwili kila kitu kiliwekwa juu ya mabega ya mutu mumoja, tena mwenye umri mukubwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kiisha musimu ule, Jets walitafuta kocha mupya. Kocha akipewa mechi tano tu za kujionyesha, wapenzi wanangoja tena.