Nukta Kabla ya Mstari

Wapo walimu wenzetu wanaodai kwamba osiloskopu ni chombo cha mafundi wa umeme, wala hakimhusu mwalimu wa shule ya msingi. Sisi hatuafiki. Chombo hicho, kionyeshacho kiooni jinsi volteji inavyopanda na kushuka, hufanya kazi ileile tunayowapa watoto tunapowaagiza wachore grafu: hupima, huandika, kisha huunganisha nukta.

Osiloskopu za zamani zilichora wimbi mfululizo kwa mwali wa elektroni. Ya kidijitali haifanyi hivyo. Hupima volteji kwa vipindi vilivyo sawa, na kila kipimo hugeuzwa kuwa namba. Katika nyingi, namba hiyo ni mojawapo ya ngazi 256 tu. Namba huingia katika kumbukumbu inayozunguka, kipimo kipya kikifuta kilicho cha zamani kabisa. Fundi huweka sharti, tuseme volteji ivuke kiwango alichochagua. Sharti likitimia, chombo huendelea kidogo, kisha huacha kuandika. Hivyo huhifadhi hata yaliyotangulia tukio, jambo la ajabu kwa aliyezoea saa na daftari.

Je, kati ya nukta na nukta kuna nini? Hapo hapakupimwa kitu. Umeme wa majumbani mwetu hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipimwa mara 40 tu kwa sekunde, kiooni litatokea wimbi safi la mizunguko 10, wimbi ambalo halipo kabisa. Ndiyo sababu idadi ya vipimo hupaswa kuzidi maradufu ya idadi ya mizunguko, kanuni aliyoithibitisha Mmarekani Claude Shannon katika makala yake ya mwaka 1949. Mafundi, kwa tahadhari, hupima mara nyingi zaidi ya hapo.

Sasa tutazame ukuta wa darasa. Watoto husoma kipimajoto kila siku saa mbili asubuhi, huweka nukta, huziunganisha kwa rula, na mwalimu huandika "vizuri sana". Mstari wakaribia kunyooka, kana kwamba jua la saa nane mchana halikuwaka wiki nzima! Kipimajoto hakina kosa. Twashauri rula iwekwe kando kwanza. Kundi moja lipime kila saa, jingine mara moja kwa siku, grafu zibandikwe pamoja, kisha watoto waulizwe: kati ya nukta hizi mlipima, au mlikisia? Atakayejibu "tulikisia" apewe alama zake zote.