Nyumba ya mawe isiyopumua ni hatari

Ukisafiri kutoka Kiganjo kuelekea Naro Moru utapita Chaka, mji ambao miaka ya karibuni umepanuka kwa kasi. Nyumba za mbao na mabati zinaondolewa, na mahali pake panasimama majumba ya mawe yenye madirisha ya vioo na milango ya chuma. Hayo ni maendeleo na hakuna anayeyapinga. Lakini, msomaji mpendwa, kuna jambo ambalo wajenzi wengi husahau. Nyumba hizi mpya hazipitishi hewa kama zile za zamani, ilhali desturi yetu ya kuota moto haijabadilika.

Chaka iko kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake si ya mchezo. Jioni watu huwasha jiko la makaa nje, hungoja moshi uishe, kisha huliingiza chumbani. Wengi huamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu, hatari imekwisha. Sivyo hata kidogo.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haimfanyi mtu akohoe. Ukiivuta, hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kizunguzungu huanza, kichefuchefu hufuata na miguu hulegea. Aliye macho anaweza kukimbilia nje. Aliyelala huenda asiamke. Watoto wadogo na mimba iliyo tumboni huathirika upesi zaidi.

Pengine utauliza: mbona mababu zetu walikoka moto katikati ya nyumba? Paa zao zilikuwa za nyasi, na hewa ilipenya humo mchana na usiku. Hata hivyo nao hawakusalimika, kwani moshi huharibu macho na mapafu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu itokanayo na mapishi ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani.

Wahenga walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika chumba chenye jiko la makaa mambo ni kinyume: ufa huo ndio unaokuokoa. Lakini tazama vyumba vya kupanga. Matundu ya hewa yaliyoachwa juu ya dirisha yamezibwa kwa matambara na magazeti, labda hata hili unalosoma. Simlaumu mpangaji, kwa maana baridi humsukuma mtu. Lawama ni za aliyejenga chumba ambacho hakiwezi kupata joto ila kwa makaa.

Kwa maoni yangu, nyumba inayofaa nyanda za baridi ni ile inayotunza joto bila moto na bado ikapumua. Wengi wenu mnaoishi Nairobi mnajenga huku nyumbani, na mara nyingi mnamtumia fundi ramani iliyonakiliwa kutoka kwingine. Kumbuka kwamba anayejenga Mombasa hutafuta upepo na kulikimbia jua. Anayejenga Chaka anahitaji jua, na upepo wa usiku ni adui yake.

Basi anza na jua. Chaka iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo miezi ya Juni na Julai jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Weka sebule na madirisha makubwa upande huo, na vyumba vya kulala vipate jua la asubuhi kutoka mashariki. Kuta za mawe zikipigwa na jua mchana huachilia joto polepole jioni. Pili, weka dari, kwa sababu mabati matupu hupoteza joto mara jua linapotua. Tatu, acha matundu ya hewa juu ukutani, mahali ambapo upepo hautampiga aliyelala, ili asishawishike kuyaziba. Nne, ukitaka moto ndani, jenga mahali pake penye dohani ya kutoa moshi juu ya paa. Na jikoni pasiwe mahali pa kulala.

Utasema hizo ni gharama. Dari ina gharama, kweli. Lakini kugeuza ramani ili dirisha lielekee jua hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji, na tundu la hewa ni nafasi tu iliyoachwa ukutani. Wenye nyumba za kupangisha wakumbuke hayo kabla ya kubana vyumba kumi mahali pa sita. Nao maofisa wa kaunti wanaopitisha ramani wasiangalie nguzo na choo peke yake, bali waulize pia hewa itapitia wapi.

Nawe unayeishi katika chumba ambacho hukukijenga, usingoje mwenye nyumba. Leo usiku toa jiko nje kabla ya kulala, zibua tundu la hewa, na ujikinge kwa blanketi nzito. Wote nyumbani wakiumwa kichwa kwa pamoja, fungueni mlango, tokeni nje, na mwende hospitali mara moja. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa sumu hii huenda nafasi ya tiba isipatikane.