Mwanafunzi wa Pwani aijue tarakilishi hadi ndani

Mwana wa fundi wa vyombo, awe wa Malindi, Ngomeni au Takaungu, hufunzwa majina kabla ya kukabidhiwa tezo. Huujua mkuku, huyajua mataruma, huutambua mlingoti na foromali, na akiulizwa kazi ya kila kimoja hujibu bila kusitasita. Lau angekiita kila kipande "kitu" tu, nani angempa chombo akitengeneze? La kushangaza ni kwamba mwana huyo huyo akiingia darasani huonyeshwa tarakilishi mithili ya mkoba wa mganga: abonyeze hapa, atazame pale, ila yaliyomo ndani asiyaulize.

Mimi nasomesha isimu, si uhandisi, na huenda msomaji akashangaa yanihusu nini. Yanihusu kwa kuwa kisicho na jina katika lugha ya mtu ni taabu kukieleza, na kisichoelezeka hakifundishiki.

Hebu basi tulifungue sanduku hilo. Ubao mama ndio mkuku wake: viungo vyote hupachikwa hapo na kupitishiana habari hapo. Juu yake hukaa kichakataji, ambacho hupiga hesabu na kutii maagizo ya programu. Kichakataji cha Intel 4004, kilichotolewa mwaka wa 1971, kilikuwa na transista zipatazo 2,300. Vya leo vinazo mabilioni. Kazi hiyo huzaa joto, na ndiyo sababu kichakataji huwekewa kipoza-joto na feni. Kando yake kuna kumbukumbu ya muda, mfano wa meza ya mwalimu: juu yake huwekwa kinachoshughulikiwa sasa, na umeme ukikatika vyote hufutika. Diski nayo ni kabati, ambalo huhifadhi hata umeme usipokuwapo. Mwisho ni kisanduku cha umeme, ambacho hupokea volti 240 kutoka ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazofaa viungo hivyo.

Maarifa haya si ya pambo, hasa kwetu tulio kando ya bahari. Upepo uleule unaowafaa wavuvi huchukua chumvi na unyevu hadi ndani ya madarasa yetu yaliyo wazi. Chumvi hiyo hushika vigusio vya shaba na kuvitia kutu. Vumbi nalo huziba feni, kichakataji kikapata moto, na mashine ikajizima yenyewe. Mwanafunzi anayejua tofauti ya meza na kabati hatangoja umeme ukatike ndipo akumbuke kuhifadhi kazi yake.

Katika shule moja ya Kilifi niliwahi kuonyeshwa mashine kadhaa zilizorundikwa stoo, zikiitwa "maiti". Kijana mmoja fundi alizifungua mbele yetu. Mojawapo ilichomolewa kibao cha kumbukumbu, vigusio vyake vikasuguliwa kwa kifutio cha penseli, kikarudishwa mahali pake, nayo ikawaka. Shule hiyo ilikuwa tayari imeanza kuwachangisha wazazi fedha za kununulia nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo aghalabu hujengwa kwa jasho la mzazi anayeuza nazi na mihogo.

Mwaka wa 2013 serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza, na mwaka wa 2016 vishikwambi vikaanza kusambazwa shuleni. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo, kumpa mtoto kifaa ni jambo moja, na kumpa ujuzi wa kifaa ni jambo jingine. Asiyeijua mashine kwa ndani atabaki kuwa mnunuzi daima.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Hoja hiyo imepitwa na wakati. Tunalo neno tarakilishi, ambalo ndani yake twasikia tarakimu na akili, ijapokuwa wengi husema kompyuta, na sioni dhambi kwa kusema hivyo. Neno kichakataji lajieleza lenyewe kwa yeyote ajuaye kuchakata. Mwalimu na aanze na maneno haya, kisha aongeze yale ya Kiingereza ambayo mtihani utayadai. Kinachomdhuru mwanafunzi ni kukariri jina bila kujua maana yake.

Wengine wataogopa kwamba wanafunzi wataharibu mali ya shule. Basi na wapewe zile zilizokwisha kufa. Zichomolewe kwenye umeme, zifunguliwe, viungo vipangwe mezani na kuandikiwa majina. Onyo ni moja tu: kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe, maana huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Tusisahau kwamba mwambao huu si mgeni wa mitambo. Kutoka Ngomeni, mwaka wa 1970, Siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ikachunguze miali ya eksirei itokayo angani. Jina lilikuwa letu. Ujuzi ulikuwa wa wengine. Walimu wenzangu, bisibisi haina gharama kubwa. Wafungulieni vijana masanduku hayo, ili siku nyingine jina na ujuzi viwe vyetu kwa pamoja.