Studio ya gemu inayolazimisha likizo: ina somo gani kwa mwaloni na machimboni?

Wavuvi wa dagaa wa Nkome wanayo kalenda yao ambayo haikuandikwa na ofisi yoyote. Usiku wa giza, mitumbwi hutoka na taa, na kazi huendelea mpaka alfajiri. Mbalamwezi ikipevuka, dagaa hawaufuati tena mwanga wa taa kama kawaida, na kazi husimama kwa siku kadhaa. Nyavu hushonwa, mwili hupumzika, na anayeweza huenda nyumbani kuwaona watoto. Hakuna tajiri wa mtumbwi anayeweza kuuamuru mwezi usiwake.

Kazi nyingi hazina mbalamwezi ya kuzisimamisha. Mojawapo ni kazi ya kutengeneza gemu, ile michezo ya kwenye simu, kompyuta na PS ambayo vijana wetu huicheza vibandani kwa kulipia mechi. Ndani ya kazi hiyo kuna ubishi wa zaidi ya miaka 20: je, ili kitu kizuri kipatikane, ni lazima anayekitengeneza aumie? Wengine husema ndiyo, punda afe, mzigo ufike. Ipo studio moja nchini Marekani iliyokataa maneno hayo, na gemu zake zimependwa na mamilioni ya watu. Tunaeleza hapa ilivyofanya, mahali ambapo mfano wake hautoshi, na kwa nini habari hii inamhusu pia mtu wa mwaloni Nkome au wa kwenye duara la dhahabu Geita.

Kwa nini kazi ya gemu huumiza watu?

Gemu kubwa moja huweza kuchukua miaka mitatu, minne au zaidi. Kuna wachoraji, waandishi wa hadithi, watunzi wa muziki, waandishi wa programu, na watu wa kuijaribu mara elfu ili kugundua kasoro. Muda wote huo kampuni inatoa fedha tu. Mapato huanza kuingia siku gemu inapouzwa. Mchimbaji mdogo anaielewa hali hii bila kuelezwa: unashuka kwenye duara miezi na miezi, unanunua miti ya kuzuia udongo, unalisha watu, na bado hujui kama mwamba wenye dhahabu upo.

Tarehe ya kuuza ikikaribia na kazi haijakwisha, kampuni nyingi huwabana wafanyakazi. Saa nane za kazi huwa 12, kisha 14. Jumamosi huliwa, halafu Jumapili. Wiki mbili za haraka huwa miezi.

Novemba 2004 jambo hili lilitoka hadharani. Mchumba wa mfanyakazi wa Electronic Arts aliandika barua ya wazi kwenye intaneti bila kutaja jina lake. Electronic Arts ndiyo kampuni iliyotengeneza gemu ya mpira wa miguu iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la FIFA. Mwanamke huyo alieleza kwamba mchumba wake na wenzake walifikia kufanya kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 4 usiku, siku saba kwa wiki, bila malipo ya ziada wala likizo ya kufidia. Wafanyakazi walikuwa tayari wanaidai kampuni hiyo mahakamani, na barua ile iliwasha moto. Mwaka 2005 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 15.6 kumaliza kesi ya wachoraji, na mwaka 2006 ikakubali kulipa dola milioni 14.9 kumaliza kesi ya waandishi wa programu. Madai yao yalikuwa rahisi kueleweka: tulifanya kazi saa za ziada, hatukulipwa.

Studio iliyofanya tofauti

Supergiant Games ilianzishwa mwaka 2009 katika jimbo la California. Gemu yake ya kwanza, Bastion, ilitoka mwaka 2011 na ilitengenezwa na watu saba tu. Zikafuata Transistor mwaka 2014 na Pyre mwaka 2017. Septemba 2020 ilitoa Hades, hadithi ya kijana anayejaribu kutoroka kuzimu kwa baba yake. Wakati huo studio ilikuwa na watu wapatao 20. Ndani ya siku chache tangu itoke rasmi, mauzo ya Hades kwa jumla yalipita nakala milioni moja, na mwaka 2021 ikapata tuzo ya Hugo, ambayo kwa desturi huenda kwa vitabu na filamu. Septemba 2025 studio hiyo ilitoa rasmi Hades II.

Wengi walitaka kujua siri yao. Taratibu walizozieleza ni za kawaida mno. Mwanzoni wafanyakazi waliachiwa wachukue likizo kadiri wanavyotaka, lakini wenye studio wakaona kwamba watu hawaichukui. Mtu huona aibu kuondoka wenzake wakiwa kazini, au huhofia kuonekana mvivu. Basi wakaweka kanuni: kila mmoja lazima apumzike siku zisizopungua 20 kwa mwaka. Likizo ikawa amri. Wakaongeza nyingine: Ijumaa ikifika saa 11 jioni, hakuna kutumiana barua pepe za kazi.

Kwa maneno mengine, kwa kuwa kazi yao haina mbalamwezi, waliiweka wenyewe.

Jambo la pili ni namna walivyoiuza Hades. Hawakusubiri miaka yote ipite ndipo waione fedha. Waliifungulia soko Desemba 2018 ikiwa haijakamilika, kwa bei ndogo, na wanunuzi wakiambiwa wazi kwamba bado inajengwa. Kila baada ya wiki kadhaa waliongeza sehemu mpya na kurekebisha kasoro walizoambiwa na wachezaji. Kufikia siku ya kutoka rasmi, nakala zipatazo 700,000 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Mbinu hii iliwapa mapato katikati ya safari, na ikapunguza ile hofu ya siku ya mwisho inayozaa saa 14 za kazi.

Matokeo yake yanaonekana kwa watu waliobaki. Wakati Hades inatoka, wote saba walioitengeneza Bastion walikuwa bado kwenye studio hiyo. Katika kazi ya gemu, ambako watu huhama au huachishwa kila mara, hilo ni jambo la nadra.

Je, wema peke yake ndio unaoleta mafanikio?

Hapa lazima tuwe wakweli. Kampuni ya Rockstar ilitoa gemu ya Red Dead Redemption 2 mwaka 2018, na kabla haijatoka kulikuwa na malalamiko mengi kuhusu saa ndefu za kazi. Gemu hiyo iliuzwa kwa makumi ya mamilioni ya nakala na ikasifiwa sana. Kwa hiyo si kweli kwamba anayewaumiza watu hufilisika. Mzigo unaweza kufika punda akiwa amekufa.

Tena, kupendwa hakumlindi mfanyakazi. Studio ya Tango Gameworks ya Japani ilitoa Hi-Fi Rush Januari 2023, gemu iliyosifiwa na kushinda tuzo. Mwenye studio alikuwa Microsoft. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga. Miezi mitatu baadaye kampuni ya Krafton ya Korea Kusini ilikubali kuichukua studio hiyo, lakini kwa muda wafanyakazi waliofanya kazi nzuri walikuwa wameambiwa milango inafungwa. Waliotoa uamuzi huo walikuwa mbali.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu mahali pa kazi ni kubwa kuliko kama bosi ni mpole. Mambo yakienda vibaya, nani anabeba hasara?

Nintendo ya Japani ilijibu swali hilo kwa vitendo. Mwaka 2011 mashine yake mpya ya mkononi ilikosa wanunuzi wa kutosha, bei ikapunguzwa ghafla, na mkurugenzi mkuu Satoru Iwata akajikata nusu ya mshahara. Januari 2014, mashine nyingine ya Wii U ilipofanya vibaya, alijikata tena nusu kwa miezi mitano, na wakurugenzi wenzake wakakatwa asilimia 20 hadi 30. Mwaka 2013 wenye hisa walipomuuliza kuhusu kupunguza watu, alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa hawezi kutengeneza kitu cha kumfurahisha mteja. Iwata alifariki dunia Julai 2015. Machi 2017 Nintendo ilitoa mashine ya Switch, ambayo imeuzwa zaidi ya milioni 140. Huenda baadhi ya walioijenga walikuwa watu ambao kampuni nyingine ingewafukuza miaka ya shida.

Hapo ndipo hesabu ya punda inapokosea. Mzigo wa leo utafika. Lakini kesho kuna mzigo mwingine, na punda aliyeijua njia hayupo.

Mwaloni na kwenye duara

Turudi nyumbani. Kwenye mitumbwi mingi ya Ziwa Victoria na kwenye maduara mengi ya wachimbaji wadogo, watu hawalipwi mshahara wa mwezi. Hupata mgawo. Baada ya kutoa gharama za mafuta na chakula, tajiri wa mtumbwi ana fungu lake na wavuvi lao. Machimboni, mwenye leseni ana fungu, mwenye duara ana fungu, na wachimbaji wana lao. Siku ya neema utaratibu huu una haki ndani yake: kikipatikana kingi, kila mmoja anaona.

Tatizo ni siku ya kukosa. Tajiri hupoteza fedha zake, na hilo si dogo. Lakini mvuvi au mchimbaji hupoteza miezi ya nguvu zake, na mara nyingine huondoka na deni la chakula alichokula akiwa kazini. Akiumia ndani ya duara, mara nyingi huanza ubishi: huyu alikuwa mwajiriwa, au mshirika aliyekuja kujaribu bahati?

Kwa aliyeajiriwa, sheria imesema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, zifanywe kwa makubaliano, na zilipwe angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kwa mwaka kuna likizo ya siku 28 mfululizo yenye malipo, sikukuu zikihesabiwa humo. Marekani, nchi ya Supergiant, haina sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa likizo yenye malipo. Zile siku 20 zilitokana na uamuzi wa wenye studio. Kwa karatasi, mlinzi au dereva aliyeajiriwa Geita ana haki ambayo mwandishi wa programu wa California hana.

Lakini haki ya kwenye karatasi inahitaji ushahidi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi: kazi gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Mgogoro ukitokea na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti hayo unakuwa wake. Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kupeleka lalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Wengi hukosa haki kwa kuchelewa tu, wakisubiri bosi apoe hasira.

Kwa anayefanya kazi kwa mgawo, kinga ya kwanza ni makubaliano kabla ya kuanza. Gharama zipi zitatolewa kabla ya kugawa? Nani anaziandika, na nani mwingine anaruhusiwa kuziona? Tukikosa, chakula tulichokula ni deni au si deni? Mtu akiumia, nani anampeleka hospitali na kwa fedha za nani? Majibu yakiandikwa hata kwenye daftari la shule, mbele ya mashahidi wawili na kwa saini au dole gumba, ubishi wa baadaye hupungua sana. Simu ya mkononi inaweza kupiga picha ukurasa huo, ukabaki kwa kila mmoja.

Kwa tajiri wa mtumbwi au mwenye duara, hesabu ni ileile ya Nintendo. Nahodha anayejua pepo za ziwa na mchimbaji anayeweza kusikia jiwe linaloelekea kuporomoka hawapatikani kila asubuhi. Ukimtupia hasara yote mwaka mbaya, mwaka mzuri utamkuta kwenye mtumbwi wa jirani.