Jina la Biashara Mtandaoni Liwe la Nani?

Wakazi wa delta ya Rufiji hawahitaji kufundishwa kwamba mahali na jina ni vitu viwili. Katika miaka ya 1970 mkondo mkuu wa mto ulihama kutoka matawi ya kusini ukaelekea yale ya kaskazini. Wakulima wa mpunga, ambao hutegemea maji matamu yanayoisukuma nyuma chumvi ya bahari, wakaufuata na kufungua mashamba mapya ndani ya mikoko. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliwaondoa tena watu wengi katika makazi yao, Rufiji na Kibiti pia. Mtu alihama, lakini jina lake alihama nalo. Aliyemtafuta aliuliza kwa jina, akaelekezwa.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu intaneti imejengwa juu ya busara iyo hiyo, na wafanyabiashara wetu wadogo, ambao ndio wangenufaika nayo kuliko wote, aghalabu hawaitumii.

Kila kompyuta inayohifadhi kurasa katika intaneti hutambulikana kwa nambari. Katika utaratibu wa zamani, ambao ungali unatumika sana, nambari hiyo ina mafungu manne, kila fungu likiwa kati ya 0 na 255. Binadamu hakariri nambari kama hizo kwa wepesi, na zaidi ya hayo nambari hubadilika kila kurasa zinapohamishiwa kompyuta nyingine. Hapo mwanzo majina yote pamoja na nambari zake yaliandikwa katika daftari moja, lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, na kila kompyuta ilijichukulia nakala. Mtandao ulipokua, daftari moja halikutosha tena. Ndipo mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alipobuni utaratibu wa kuligawa: kila mwenye eneo atunze majina ya eneo lake, naye aliye juu yake ajue tu wa kuulizwa ni nani.

Mwanafunzi wa Kibiti akiandika katika simu yake jina linaloishia kwa co.tz, swali hupelekwa kwanza kwenye kompyuta za mzizi. Hizo hazilijui duka analolitafuta. Zinajua tu wanaotunza majina ya.tz. Hao nao humwelekeza mbele, mpaka apatikane anayeijua nambari ya duka lenyewe. Safari hiyo yote huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na majibu huhifadhiwa kwa muda ili swali lisirudiwe bure. Eneo la namna hiyo limepewa kwa Kiswahili jina la kikoa. Wazee wa pwani walilijua neno hilo kwa maana ya chakula cha shirika, kila mmoja akikitoa kwa zamu yake. Sikuona ubaya wa kulirithi, maana mfumo wenyewe nao ni wa shirika, na hakuna mmoja anayeubeba peke yake.

Sasa tumchukue mfanyabiashara wa kamba wa Nyamisati, au kikundi cha akina mama wasukao mikeka ya ukindu. Leo aghalabu hufungua ukurasa katika mtandao wa kijamii, bila malipo, na wateja wa Dar es Salaam wakaagiza. Sisemi kwamba wamekosea. Lakini anwani ya ukurasa ule huanza na jina la kampuni ya kigeni, na jina la kikundi hufuata nyuma kama la mpangaji. Ni kibanda katika kiwanja cha mtu. Mwenye kiwanja akiufunga ukurasa, au mwizi akiliiba neno la siri, kazi ya miaka ya kujulikana hupotea kwa siku moja, na mteja hana njia ya kuuliza kikundi kimehamia wapi.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka kwa muda wa saa sita hivi duniani kote. Mitambo ilikuwa mizima. Kosa katika matengenezo lilikata njia za kuzifikia kompyuta zinazojibu maswali ya majina ya kampuni hiyo, na jina lisilojibiwa ni sawa na duka lisilokuwapo.

Katika simu jambo hili tumekwisha kulitatua. Tangu mwaka 2017 Mtanzania anaweza kuhama kampuni ya simu na kubaki na nambari yake ile ile. Kurasa za mitandao ya kijamii hazina haki kama hiyo, ila jina la kikoa linayo. Kikundi cha mikeka kikisajili jina lake, leo kinaweza kulielekeza kwenye ukurasa ule ule wa bure, kesho kwenye tovuti yake chenyewe, keshokutwa kwa mtunza kurasa mwingine. Jina lililoandikwa kwenye lebo ya mkeka halitabadilika. Barua pepe pia zitapokelewa kwa jina hilo hilo.

Hata hivyo, jina halileti wateja. Wala halisaidii kitu minara ya simu inapozimika, au nyaya za chini ya bahari zinapokatika kama ilivyotokea Mei 2024. Na neno “kumiliki” lenyewe yafaa tulitumie kwa hadhari, kwani jina halinunuliwi mara moja likawa lako milele: husajiliwa kwa muda, kwa ada, na lisipohuishwa mwingine anaweza kulichukua. Rajisi ya .tz husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na usajili hufanywa kwa mawakala walioidhinishwa. Zipo co.tz kwa biashara, or.tz kwa jumuiya, na sc.tz kwa shule. Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi wake namna jina la shule yao linavyosajiliwa atakuwa amewafundisha somo zima la kompyuta bila maabara.

Hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haitoki ng’ambo. Ni yule kijana mjuzi wa mjini anayetengeneza tovuti ya kikundi na kulisajili jina kwa jina lake mwenyewe, pengine bila nia mbaya, kisha akahama au wakagombana. Katika rajisi, mwenye jina ni yule aliyeandikwa. Basi mweka hazina wa kikundi na aombe kuonyeshwa maandishi hayo kabla ya kulipa: jina la kikundi, barua pepe ya kikundi, na tarehe ya kwisha muda, akainakili ukutani kando ya leseni ya biashara.