Riwaya ya Upelelezi na Mhakiki wa Mpakani
Wahakiki wetu huiita riwaya ya upelelezi fasihi pendwa, kisha huifunga bila kuichunguza. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hufumbua fumbo kwa kufikiri. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974), ni jasusi wa bastola na safari. Kipimo kimoja hakiwatoshi wote wawili. Msomaji wa Busia au Malaba, ajuaye foleni za malori, ukaguzi wa forodha na njia za panya, humtambua mara moja jasusi avukaye mpaka kimiujiza. Huo ni uhakiki hasa. Msomaji huyo astahili kurasa majaridani, hata asipoijua istilahi ya mwingilianomatini, ambayo hata wasomi imewachosha.