Hatukupita Mlango wa Uani

Imeenea miongoni mwa watu wetu, wasomi na wasio wasomi, dhana ya kuwa kijana asomaye sekondari nje ya shule rasmi, katika huo uitwao mfumo mbadala, ameingia kwa mlango wa uani katika nyumba ambayo wenziwe waliingia kwa mlango mkuu, na kwamba cheti chake, japo kina muhuri ule ule wa Baraza la Mitihani la Tanzania, hakina budi kutazamwa kwa jicho la shaka. Mimi ni mwanafunzi wa kituo cha jioni mjini Tanga, na maneno hayo nimeyasikia kwa ami zangu, kwa waajiri, na hata kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akipata riziki yake kwa kutufundisha sisi. Sijapata kumsikia hata mmoja wao akiyatolea hujja.

Natuanze na mtihani, maana huko ndiko tunakodhaniwa kupunguziwa mzigo. Mtahiniwa wa shule namba yake huanza kwa herufi S, na wa kujitegemea kwa herufi P. Walakini karatasi ya Historia ya kidato cha nne ni moja, na juu yake huandikwa kuwa ni ya hao na hawa. Tofauti ni kwamba mwenye S huingia chumbani akiwa na akiba ya upimaji endelevu, alama 30 katika 100, ilhali mwenye P hana akiba yoyote, hata akiamkia homa asubuhi ile, homa hiyo huzigusa alama zote 100. Tena yule ambaye hakupata kuufikia upimaji wa kidato cha pili sharti kwanza afaulu Mtihani wa Maarifa, tuuitao QT, na masomo ya miaka minne ayamalize aghalabu kwa miwili. Ikiwa huo ndio mlango wa uani, basi aliyeujenga ameuwekea kizingiti kirefu kuliko cha mbele.

Husemwa pia kuwa sisi ni walioshindwa. Nauliza: walishindwa na nini? Aketiye mbele yangu ni mama wa mtoto mmoja, aliyekuwa hodari wa hesabu hadi alipopata mimba. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kufunga ndoa, na mimba ikahesabiwa kuwa kosa la namna hiyo. Mwaka 2017 Rais John Magufuli akatamka hadharani, huko Chalinze, kwamba aliyezaa hatarudi shuleni. Na ilikuwa Novemba 2021 ndipo wizara ilipoliondoa katazo hilo. Dada huyu hakuanguka mtihani wowote. Alitolewa darasani ilhali mvulana aliyehusika, kama ilivyo desturi yetu, akaendelea kuvaa sare.

Jirani yake ni mlinzi wa usiku, ajaye saa kumi na virungu na tochi yake mkobani, akatoka kwenye Jiografia kwenda moja kwa moja lindoni. Kwetu hakuna kengele wala kiranja wala fimbo, na karo kila mtu huitoa katika jasho lake. Wanaotushutumu kwa utovu wa nidhamu sijui wanaitafuta nidhamu wapi.

Sikatai kuwa vituo vina taksiri. Vingi havina maabara, hata mwenye kupenda Kemia hujikuta amesukumwa kwenye masomo ya sanaa, na wapo wenye vituo ambao ni wachuuzi watupu. Lakini hayo ni madai dhidi ya wenye vituo na dhidi ya serikali, si dhidi ya wanafunzi. Nayo serikali hii ndiyo iliyowahi kuona vingine, pale Mwalimu Nyerere alipoufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa kwa sheria mwaka 1975, bila mtu mzima aliyeshika daftari kuonekana ni izara kwa jamaa zake.

Mwajiri anishukuye sihitaji huruma yake. Cheti nitamwekea mezani: namba yangu ipo, alama zipo. Azisome zote, kisha aniulize swali lolote la Historia alitakalo, na mwenye herufi S aliyeketi nje aitwe aulizwe lilo hilo.